Nidhamu ya Jeshi na Hofu Zetu

Kuna hoja moja ninayoisikia ikirudiwa hapa Singida, barazani, ndani ya mabasi, na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Husemwa kwamba nchi ikianza kuwavumilia mashoga, jeshi ndilo litakaloharibika kwanza. Wanaosema hivyo husema kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kuliona jambo kwa macho yake. Watakwambia askari hawatakubali kulala hanga moja na mtu wa namna hiyo, hawatatii amri yake, na adui atamtisha kwa siri yake mpaka auze nchi. Mimi naipinga hoja hiyo. Sizungumzii ndoa wala mahubiri hapa. Nazungumzia jeshi, kwa kuwa ndilo linalotajwa, na kwa kuwa jambo hili limekwisha kujaribiwa na majibu yake yapo.

Jeshi letu liliwahi kuvunja nidhamu kwa namna iliyoitikisa nchi nzima. Ilikuwa Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Waliasi kwa ajili ya mishahara, na kwa sababu zaidi ya miaka miwili baada ya Uhuru walikuwa bado chini ya maofisa wa Kiingereza. Mwalimu alilazimika kuwaomba Waingereza wale wale waje kuzima uasi, fedheha ambayo wazee wenzangu hawajaisahau. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huo huo ikaanzishwa JWTZ. Sasa, ndugu msomaji, tafuta popote katika kisa hicho habari ya nani alimpenda nani. Huioni. Utakuta mshahara mdogo na dharau ya wakubwa, na hayo ndiyo yanayovunja majeshi tangu zamani.

Na dharau hiyo ilikuwa na hoja yake. Mwafrika alicheleweshwa kupewa nyota za uofisa kwa kudhaniwa hafai kuamrisha, na kwamba Mzungu hawezi kumpigia saluti. Tuliichukia hoja hiyo. Mwaka 1999, Septemba 27, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg iliamua kesi za wanajeshi wa Uingereza waliofukuzwa kwa sababu ya ushoga tu, bila kosa jingine lolote la kikazi. Serikali yao ilijitetea kwamba askari wengine wangechukizwa. Majaji wakajibu kwamba chuki ya namna hiyo haitoshi kuwa sababu, kama vile isivyotosha chuki ya askari dhidi ya mtu wa rangi au asili nyingine. Mimi niliyezaliwa chini ya bendera ya Mwingereza, nikisoma maneno hayo, siwezi kuyaita mambo ya Wazungu yasiyonihusu. Uingereza iliondoa marufuku hiyo Januari 12, 2000, na mwaka 2023 Waziri Mkuu wake aliwaomba radhi waliofukuzwa. Jeshi lao halikusambaratika.

Labda utasema Waingereza ni watu wa mbali. Basi tuwatazame Wakanada, ambao kuanzia 1965 hadi 1970 walikuwa hapa hapa wakilifundisha jeshi letu changa. Miaka hiyo hiyo, kwao, walikuwa wakiwasaka mashoga jeshini na kuwahoji kama wezi. Luteni mmoja mwanamke, Michelle Douglas, aliondolewa mwaka 1989, akaenda mahakamani, na Oktoba 1992 jeshi likakubali kushindwa na kufuta amri yake. Marekani nao walitunga sheria mwaka 1993 ya kumtaka askari wa namna hiyo anyamaze, naye hataulizwa. Kwa sheria hiyo walifukuza watu zaidi ya 13,000 hadi ilipokoma Septemba 20, 2011. Miongoni mwao walikuwamo wakalimani wa Kiarabu, wakati jeshi lenyewe likipigana Irak na likiwahitaji kama maji! Kama hiyo ni njia ya kulinda nchi, basi mimi sikuelewa somo.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko jirani. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inakataza ubaguzi wa namna hii, na sera ya ulinzi waliyoitoa mwaka huo huo iliuingiza msimamo huo jeshini. Machi 2013 Umoja wa Mataifa uliunda brigedi ya kuwakabili waasi mashariki ya Kongo, ikiwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kwa hiyo ofisa wetu aliwaongoza vitani askari wa jeshi lisilomfukuza mtu kwa ushoga. Kundi la M23, lililokuwa limeuteka mji wa Goma mwaka mmoja nyuma, lilishindwa Novemba 2013. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza usiku ule nani alilala karibu na nani.

Hoja ya siri ndiyo inayonichekesha. Mtu hutishwa kwa siri kwa sababu siri hiyo ikifichuka ataangamia. Nani aliyemwekea maangamizi hayo? Sisi wenyewe. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, tuliyorithi kwa mkoloni, kiliongezwa makali mwaka 1998, na sasa adhabu yake ni kifungo cha maisha, au angalau miaka 30. Ukishampa adui fimbo ndefu kiasi hicho, usilalamike kwamba anaweza kuitumia.

Wilayani Iramba alikuwapo mtu mmoja niliyemfahamu, aliyeingia Kampala na kikosi chake Aprili 1979. Alirudi na jeraha la bega. Hakuoa. Kwa miaka mingi alikaa mbele katika sherehe za Mashujaa, kisha mnong'ono ukaanza, sijui kwa nani, na kiti chake kikasogezwa nyuma, halafu akaacha kuja. Mnong'ono ule haukuwa na shahidi. Na hata ungekuwa naye, risasi ya bega ilikuwa ile ile.

Naulizwa kama nimeiacha dini. La hasha. Najua kanisa langu linafundisha nini. Linakataza pia uzinzi na ulevi, wala sijasikia mtu akidai kwamba jeshi litavunjika kwa sababu ya koplo mwenye nyumba ndogo.

Kama kweli tunajali nidhamu, lipo jambo la kushughulikia leo. Kuruta wa miaka 19, awe msichana au mvulana, yuko mikononi mwa mkufunzi wake kwa chakula, kwa usingizi na kwa ruhusa ya kwenda kwao. Mkufunzi akitumia cheo kumtaka mwili, hapo nidhamu imekufa, hata kama wote ni mume na mke kwa maumbile. Nataka mtu huyo avuliwe vyeo na kushtakiwa bila kujali anampenda nani. Na yule sajenti anayeshika zamu yake, anayetunza bunduki yake na asiyemgusa mtu asiyetaka, nataka asiulizwe. Kifungu cha 154, kwa watu wazima waliokubaliana, kifutwe. Wabunge wetu waliweza kukiongezea makali mwaka 1998. Na kalamu ile ile inaweza kukata.