Gauni la Mahafali na Wajibu wa Baba

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, kila mwaka kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne ufanyikao Novemba, shule zetu huingia katika msimu wa mahafali. Ni jambo jema mtoto kupongezwa kwa juhudi zake. Lakini katika baadhi ya shule, baada ya risala, keki na zawadi, hufuata muziki, na wavulana na wasichana hucheza pamoja hadi usiku. Hapo ndipo suala la mavazi huingia majumbani mwetu. Sisi akina baba hulimaliza kwa kukemea, au kwa kutoa fedha na kugeuza uso pembeni. Njia zote mbili ni kosa, nami nimezipitia zote.

Mwaka huu, baada ya kuuza parachichi, niliwachukua mabinti zangu wawili, mmoja wa kidato cha nne na mdogo wake wa kidato cha pili, tukatoka Mpuguso kwenda sokoni Tukuyu. Katika nguo za mitumba yule mkubwa alichagua gauni la kung'aa, mabega wazi, lisilofika magotini. Nilipaza sauti mbele ya muuzaji na wateja, nikasema maneno ambayo baba hapaswi kumwambia bintiye hata wakiwa peke yao. Hakunijibu. Alilirudisha gauni mahali pake, akatoka nje.

Njiani, mdogo wake akaniambia kwa upole: "Baba, dada amesoma miaka minne. Hujafika shuleni kwao hata siku moja. Leo umemfuata kwa ajili ya gauni tu."

Sikuwa na jibu, kwa kuwa alisema kweli. Vikao vya wazazi nilimwachia mama yao. Tangu ada ilipoondolewa mwaka 2016 katika sekondari za serikali hadi kidato cha nne, wengi wetu tumejiona kana kwamba na ulezi nao tumeondolewa. Je, mtu asiyejulikana na walimu wa mwanawe, asiyejua majina ya rafiki zake, atakuwa na uzito gani siku anapokataza?

Tuitazame dini yetu kwa ukamilifu. Mara nyingi hutajwa aya ya 31 ya Sura An-Nur, inayowaamrisha wanawake wa Kiislamu kujisitiri. Lakini aya ya 30, inayotangulia, inawaamrisha wanaume kuinamisha macho yao na kuhifadhi tupu zao. Ni wangapi kati yetu tumewasomesha vijana wetu wa kiume aya hiyo kabla ya mahafali? Tunalipima gauni la binti, ilhali kaka yake anakwenda kwenye muziki uleule bila kuulizwa neno. Huo si uadilifu.

Aidha, Sura Al-A'raf, aya ya 26, inatufundisha kwamba vazi la uchamungu ndilo bora. Vazi hilo haliuzwi sokoni. Hushonwa nyumbani kwa miaka mingi, kwa mazungumzo na kwa mfano wa wazazi. Na Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Fatima (r.a.) alipoingia kwa babake, Mtume (s.a.w.) alisimama kumpokea, akamshika mkono na kumkalisha mahali pake. Mimi nilimpokea binti yangu kwa makelele sokoni.

Wapo watakaosema kwamba nalegeza sheria. La hasha! Nililikataa gauni lile, na dansi ya usiku nimeikataa. Lakini safari hii nilikaa naye nyumbani, nikamwomba radhi kwa kumwaibisha, kisha nikampa sababu zangu na kusikiliza zake. Hakufurahi, nami sitadai kwamba alifurahi. Tulirudi Tukuyu, akachagua kitenge mwenyewe, akamweleza fundi mshono wa mikono mirefu autakao. Kisha nilikwenda shuleni, nikaungana na wazazi wengine, Wakristo wakiwamo, kuomba sherehe imalizike kabla ya jua kuzama. Wengi wao walikuwa na wasiwasi uleule.

Mtoto anayenyimwa jambo apewe badala yake. Mtume (s.a.w.) alimsimamia Bi Aisha akiwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini, hadi yeye mwenyewe alipotosheka. Bi Aisha akatuhimiza tuthamini hamu ya msichana mdogo ya kutazama michezo. Basi kwa nini misikiti yetu isiwaandalie mabinti wahitimu siku yao, wao na mama zao, kwa dufu, pilau na zawadi za vitabu? Gharama yake, tukichangishana, haitazidi uwezo wetu.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa kuhusu alichokichunga. Tusisubiri siku ya gauni. Twende shuleni mwezi huu, tuketi na mabinti zetu jioni hii, na tuwaambie vijana wa kiume yale tunayowaambia dada zao.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.

Wabillahi Tawfiq.

Mzazi, Mpuguso