Mikono ya Mtoto Si ya Kufungwa

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, wazazi wa parokia yetu walikutana kusemezana juu ya masomo ya watoto wadogo, wale wa miaka mitatu mpaka sita. Maneno yalikuwa makali. Papa mmoja, mtu wa heshima, alisimama akasema: « Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi ya serikali hayalipiwi, lakini materneli nalipa. Nalipa feza yangu mtoto asome. Juzi nilipita pale, nikamkuta anachambua maharagwe. Maharagwe! Kwetu nyumbani hakuna maharagwe? » Wengi walicheka na kupiga makofi. Wakaomba mama mwalimu aondolewe, aletwe mwingine atakayewapanga watoto katika mabenchi, kila mmoja na kaye yake, waandike a, e, i, o, u, na mwisho wa mwezi walete pointi nyumbani.

Mimi sikupiga makofi. Wala sikusema neno, kwa maana kelele zilizidi. Basi nasema hapa.

Ndugu wasomaji, mimi mwenyewe nilifundisha kalasi ya kwanza miaka mingi, tena kwa namna ile ile wanayoitaka. Watoto walikaa watano juu ya benchi moja, mikono juu ya meza. Nilisema, nao walirudisha neno langu wote pamoja, kama kwaya. Mtoto aliyegusagusa kitu nilimpiga vidole kwa rula. Nilisifiwa sana kwa kimya cha kalasi yangu. Lakini nyumbani kwangu alikuwapo mtoto aliyehesabu mpaka mia bila kukosa hata mara moja. Siku moja mama yake alimtuma alete vijiko, nasi tulikuwa watu saba. Akaleta viwili. Tukamrudisha, akaleta vyote vilivyokuwamo katika kikapu. Nilicheka, kisha nikaona haya. Mimi ndimi niliyemfundisha kuhesabu.

Mwajua neno hili la kumfundisha mtoto kwa mikono yake lilianza wapi? Wengine wanasema ni jambo la watoto wa matajiri. Si kweli. Tarehe 6 Januari 1907, mjini Roma, katika mtaa wa San Lorenzo, Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto. Alikuwa mganga, aliyemaliza masomo ya utabibu mwaka 1896. San Lorenzo ulikuwa mtaa wa maskini. Wazazi walikwenda kazini asubuhi, watoto wakabaki peke yao katika ngazi za nyumba, wakachafua kuta na kuharibu vitu. Wenye majumba waliona hasara, wakatafuta mtu wa kuwakusanya. Watoto walikuwa hamsini na zaidi, na mwanamke aliyewekwa kuwaangalia hakuwa na diploma ya ualimu. Je, ninyi mnaosema watoto wetu ni wengi mno na mama mwalimu hakusoma sana, mwaona tofauti gani na sisi?

Tazameni kazi yenyewe. Mtoto anapewa gogo lenye matundu kumi, na vipande kumi vya mti vya kuyaziba. Kila kipande kina tundu lake. Kimoja ni kinene, cha pili kimepungua kidogo, na hivi hivi mpaka cha mwisho. Mtoto anavitoa, anavichanganya, anavirudisha. Akikosea, mwisho kipande kimoja kitakataa kuingia. Hakuna anayemkemea, mti wenyewe umemwambia. Naye anaanza tena, mara tano, mara kumi, bila kutumwa na mtu. Mama mwalimu wetu hana magogo hayo, maana ni ya bei. Anavyo vikopo, na maharagwe ya rangi nyingi, na vifuniko vya chupa vikubwa kwa vidogo. Ile kazi ya maharagwe iliyochekwa ni hii: mekundu huku, meupe kule, kisha kumi kumi. Tena anayabandika kumi juu ya kijiti kimoja. Vijiti kumi vikilala pamoja, mtoto anaiona mia, anaishika, anajua uzito wake kuliko uzito wa harage moja. Montessori alifanya hivyo kwa shanga.

Juu ya kuandika, ndipo hasa wazazi wanapodanganyika. Kule Roma mtoto hakuanza na kaye. Alipewa herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa, akazifuata kwa vidole huku akitamka sauti yake, mpaka vidole vyenyewe vikajua njia. Siku moja ya Desemba Montessori alimwambia mtoto wa miaka mitano achore kwa chaki bomba la moshi la nyumba. Akalichora. Kisha ghafula akaandika neno « mkono », akapiga kelele kwa furaha kwamba anajua kuandika, akaandika na maneno mengine. Wenzake wakamfuata.

Na hapa sisi tuna bahati ambayo hatuitumii. Kiitaliano karibu chote kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na Kiswahili chetu ni vivyo hivyo. Mtoto anayejua sauti za m, a, j, i ataandika « maji » peke yake. Lakini ninyi mwataka aanze na Kifransa, ambako maji ni « eau »: herufi tatu, zikitamkwa ni o, na o yenyewe haimo! Mtoto wa miaka minne afanye nini na fumbo hili, ila kulikariri? Kifransa kina siku yake, nami sikichukii; kimenilisha. Hata sheria ya nchi yetu ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya mafundisho inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Ni sisi wazazi tunaoona aibu.

Wengine watasema: mkiwaachia hivyo, adabu itapotea. Wanaosema hivi hawajaingia ndani. Katika Nyumba ya Watoto kila kitu kilikuwa na mahali pake, na aliyekitoa alikirudisha. Tena kulikuwa na zoezi la kimya: watoto walitulia kabisa, na Montessori kutoka nyuma akaita majina yao kwa sauti ndogo sana, mmoja mmoja, nao wakamwendea wakinyata ili wasigonge kiti. Kimya cha kalasi yangu kilitoka katika rula. Nilipokwenda choo, kilikwenda nami.

Kuna na mmoja aliyeninong'oneza kwamba haya ni mambo ya kidunia, hayafai parokiani. Loo! Montessori alikuwa Mkatoliki. Mjini Roma kwenyewe, mwaka 1954, Sofia Cavalletti na Gianna Gobbi walianza kuwafundisha watoto wadogo katekisimu kwa njia hii hii: mtoto anamshika Mchungaji Mwema wa mti, anawapeleka kondoo zizini kwa mkono wake. Yesu mwenyewe aliwaonyesha watu ndege na maua ya shamba, akawasimulia habari za chachu na unga. Hakuwapa kaye.

Sikatai kwamba kuna shule mijini zinazoandika jina la Montessori juu ya mlango, zikaomba feza ambayo mfanyakazi hawezi kuitoa. Hiyo ni biashara, na tuiite kwa jina lake. Sikatai pia kwamba kazi hii inachosha: mama mwalimu anapaswa kumtazama kila mtoto, si kuwaimbisha wote na kukaa. Kwa hiyo badala ya kumfukuza, mpeni msaidizi. Seremala tunao watatu katika jumuiya yetu. Vipande vya mbao wanavyochoma moto jioni vingetosha. Gundi ya muhogo na mchanga uliochujwa vitatengeneza herufi juu ya karatasi ngumu za masanduku. Nimejaribu nyumbani, zinashika.

Mkutano utaendelea Jumapili hii, saa ile ile. Yule papa atakuwapo, nami nitakuwapo. Nimemwomba mama mwalimu alete vikopo vyake, maharagwe na herufi za mchanga, avipange mezani kabla watu hawajakaa. Kabla ya kupiga kura, kila mzazi afumbe macho, apitishe kidole juu ya herufi moja, atuambie ni herufi gani.