Aliyeiba hela za umma asirudishiwe ufunguo

1/8
Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba wapya mnaosoma kimyakimya bila kulike. Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Naongelea siasa, na kabla hujapita naomba unisikilize, maana inamhusu mwanao moja kwa moja. Swali ni hili: mwanasiasa aliyetiwa hatiani mahakamani, aruhusiwe kugombea tena?

Jibu langu nalitoa mapema. Kama kosa ni kuiba mali ya umma, rushwa, au kumdhuru mwanamke au mtoto, HAPANA. Kama kosa ni kusema maneno yaliyomuudhi mkubwa, hilo ni jambo jingine kabisa. Nitaeleza kwa nini, twende taratibu.

2/8
Tuanze na sisi watumishi. Mie siwezi kumgusa mgonjwa bila kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na kuwa na leseni hai. Nikipatikana na kosa kubwa, leseni inaweza kuondoka. Na mtu anaona ni sawa kabisa, kwa sababu nashika uhai wa watu.

Mnakumbuka 2017? Uhakiki wa vyeti ukaibua watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wenzetu wa afya, wamefanya kazi miaka na miaka. Lakini wanasiasa hawakuguswa na zoezi lile. Sababu iliyotolewa: sheria inawataka wajue kusoma na kuandika tu.

Hivi jamani, anayeshika sindano tumkague hadi cheti cha form four, halafu anayepitisha bajeti ya kununua hizo sindano tumwulize tu kama anajua kusoma?

3/8
"Nesi, sheria si ipo?" Ipo. Ibara ya 67 ya Katiba yetu inamzuia kuwa mbunge mtu aliyehukumiwa kifungo kinachozidi miezi sita kwa kosa la utovu wa uaminifu. Inamtaja pia aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu, na aliyefungwa kwa kuvunja sheria ya maadili ya viongozi ndani ya muda huohuo.

Nzuri. Ila itazame kama unavyotazama chandarua kabla ya kumlaza mtoto. Matundu yapo.

Tundu la kwanza: inaangalia zaidi kifungo. Kesi ngapi tunasikia "faini au jela"? Mwenye hela analipa, anatoka, anapiga picha na wapambe.

Tundu la pili: inasema "utovu wa uaminifu". Sasa aliyefungwa kwa kumpiga mkewe hadi kumvunja mkono, au kwa kumharibu mtoto wa mtu, akamaliza kifungo akarudi mtaani? Hakuiba, hakughushi. Kwa maneno yale ya Katiba, wakili mzuri atakwambia kosa la mteja wake halimo. Mama mwenzangu, wewe ungeridhika huyo ndo awe diwani anayekagua shule ya mwanao?

4/8
Msidhani nasimulia ndoto. Julai 2015 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani mawaziri wawili wa zamani, marehemu Basil Mramba aliyekuwa Fedha, na Daniel Yona aliyekuwa Nishati na Madini. Kosa: matumizi mabaya ya madaraka, katika msamaha wa kodi kwa kampuni ya kukagua dhahabu ya Alex Stewart. Hasara iliyotajwa: shilingi bilioni 11.7. Walihukumiwa miaka mitatu, Mahakama Kuu ikapunguza kuwa miwili.

Mwaka 2016 wakapewa kifungo cha nje, wakapangiwa kufanya usafi. Wapi? Hospitali ya Palestina, Sinza.

Mie simcheki mtu kwa kushika ufagio. Kudeki wodi ni kazi ya heshima, na bila wanaodeki sisi manesi tungezika watu kila siku. Nachosema ni hiki: bilioni 11.7 haziondoki hewani. Zinaondoka kwenye dawa, kwenye maji, kwenye daraja. Wizi wa ofisini hauna damu, lakini waathirika wake wanafika wodi ya wazazi.

5/8
Sasa hoja za upande wa pili, maana zipo na nyingine nzito.

"Amemaliza adhabu yake, Mungu mwenyewe husamehe." Sawa, tusamehe. Arudi alime korosho, avue, afungue duka pale Nangurukuru, nitanunua kwake. Apige kura, ni haki yake. Lakini msamaha na amana si kitu kimoja. Binti aliyemchapa mwanao ukiwa kazini unaweza kumsamehe hadi mkalia pamoja. Kumrudishia mtoto amlee, thubutu! Hakuna aliyezaliwa na haki ya kuwa mbunge. Ni dhamana, na dhamana huwa ina masharti.

"Tuwaachie wananchi waamue." Marekani walifanya hivyo. Donald Trump alitiwa hatiani kwa makosa 34 New York, Mei 2024, na Novemba akachaguliwa Rais. Kule angalau kila mtu alijua, maana kesi ilikuwa kwenye TV usiku na mchana. Huku kwetu mgombea anakuja Pande au Somanga na khanga, kofia na pikipiki za kuazima. Nani anatusomea hukumu yake? Huwezi kuchagua kwa haki kitu ulichofichwa.

6/8
Hoja nzito sasa: "Mahakama itatumika kuwaondoa wapinzani." Hapa sibishi, kwa sababu tumeona. 2018 Joseph Mbilinyi, Sugu, mbunge wa Mbeya Mjini, alifungwa miezi mitano kwa maneno dhidi ya Rais. Machi 2020 Freeman Mbowe na wenzake walitiwa hatiani kwa uchochezi na kutozwa faini ya jumla ya milioni 350. 2021 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo. Na hapahapa Kilwa, Juni 2020, Zitto Kabwe na wenzake walikamatwa kwenye kikao cha ndani. Brazili nako, Lula alizuiwa kugombea 2018, hukumu zikafutwa 2021, akashinda urais 2022.

Kwa hiyo anayesema "kila mwenye hatia nje" anatuwekea mtego. Mtawala mbaya atatafuta hatia ya bei rahisi, ampe mpinzani wake, mchezo umekwisha.

Lakini dawa ikiwa na madhara hatuimwagi chooni. Tunaangalia dozi.

7/8
Dozi yangu hii hapa:

✅ Zuio liwe kwa makosa ya wizi wa mali ya umma, rushwa, matumizi mabaya ya madaraka, ubakaji na ukatili kwa wanawake na watoto. Awe alifungwa au alilipa faini.
✅ Uchochezi, maandamano, "lugha ya kuudhi": visimzuie mtu kamwe.
✅ Zuio lianze baada ya rufaa ya mwisho. Ila rufaa za wanaotaka kugombea zipangiwe muda na ziishe kabla ya uteuzi, sio mtu anakaa bungeni miaka mitano "anasubiri rufaa".
✅ Ambaye rufaa yake haijaisha, kosa lake libandikwe pale majina ya wagombea yanapobandikwa. Kiswahili cha kawaida, herufi kubwa.

Sitaki sheria ya kukomoa. Nataka sheria ambayo hata chama ninachokipenda kikiwa nje ya madaraka, haitaniogopesha.

8/8
Kwa nini nawasumbua nyie mama wa watoto wadogo? Kwa sababu hela ziko karibu kuliko mnavyodhani. Gesi ya Songosongo inaingizia halmashauri ya Kilwa ushuru wa huduma. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na 2023 serikali iliisimamisha kwa muda nchi nzima kwa sababu ya usimamizi mbovu. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, tulijua daraja lina maana gani kwa mjamzito anayepewa rufaa kwenda Dar. Hayo yote yanapita mikononi mwa watu tunaowachagua kwa khanga.

Basi mgombea akija, wa chama chochote, mpokee vizuri, mpe maji, halafu muulize mbele ya watu: "Umewahi kutiwa hatiani na mahakama? Kwa kosa gani?" Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomeka bure mtandaoni, kwenye TanzLII. Mwambie kijana wako mwenye simu aandike jina, atafute. Na kwenye kura za maoni za chama chako ndo uanzie, maana jina likishapita pale, mara nyingi mchezo umeisha.

Fisi akitubu, mpe pole. Bucha usimpe.

Aliye na hoja tofauti aje kwenye komenti, tusitukanane, humu kuna mama zetu. Na kadi ya kliniki ya mwezi huu msisahau. 🙏🏾