Waliotupwa Majini Wakazama: Neno Juu ya Wanagenzi wa Afisini

Bwana Mtengenezaji,

Nakuomba nafasi katika gazeti letu nipate kujibu neno ambalo limekuwa likisemwa katika mabaraza yetu, na katika mkutano uliopita lilisemwa mara mbili, watu wakapiga makofi. Neno lenyewe ni hili: ya kwamba wanafunzi wa siku hizi, wale waletwao kwetu kila mwaka kujifunza kazi kwa vitendo, ni dhaifu wa moyo. Wakipewa kazi hubabaika, wakikaripiwa hulia, wakiulizwa hunyamaza. Tena mzee wetu mmoja, ambaye namheshimu sana, akaongeza: "Sisi tulitupwa majini, tukaogelea wenyewe." Siku ile mimi nami nilipiga makofi. Leo nataka kuyarudisha makofi yangu.

Kwanza niseme juu ya maji yale. Sisi tulioogelea ndio tuliokuwamo mkutanoni siku ile, tumeketi katika viti, twanywa soda. Waliozama hawakualikwa. Mimi nilianza kazi pamoja na vijana wawili, na mmoja wao hati zake za shule zilikuwa nzuri kupita zangu, na mwandiko wake ulikuwa kama wa kitabu. Kabla ya mwaka kwisha alirudi kwao Mbozi kulima kahawa, akisema kwamba akili yake haikuumbwa kwa kazi ya kalamu. Hapana mtu aliyemwonyesha kazi, wala hapana aliyemwuliza kwa nini aondoka. Basi mtu husemaje kwamba njia ile ilikuwa njema, naye amewahesabu waliofika tu?

Sasa nieleze jambo lililonigeuza. Afisi siitaji jina, maana kosa nitakalolisimulia ni langu kwanza. Kwa wasiopajua hapa Mpemba, ni mahali ambapo njia kuu iendayo Tunduma na Zambia hukutana na njia itokayo Isongole, upande wa Ileje na mpaka wa Malawi. Malori ya shaba yatoka Zambia na Kongo kuelekea bandari ya Dar es Salaam, na malori ya mafuta na bidhaa yaenda huko yalikotoka hayo. Oktoba 2019 Marais wa nchi mbili, Magufuli na Lungu, walifungua kituo cha pamoja cha mpakani Tunduma na Nakonde, ili gari lisimame mara moja badala ya mbili. Hata hivyo siku za msongamano bado twaona foleni ikinyoosha kando ya barabara, honi na vumbi mchana kutwa. Mji umekua upesi, watu wameongezeka, na karatasi zimeongezeka pamoja nao. Mgeni wa kazi aletwaye hapa huingia katikati ya mbio. Kila mtu ana haraka, na mwenye haraka hafundishi.

Ilikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya huku mwaijua. Aliletwa kwetu binti mmoja wa chuo, anasomea utunzaji wa kumbukumbu, akae majuma manane. (Siku hizi sisi wa masjala twaitwa Wasaidizi wa Kumbukumbu, jina refu zuri, lakini kazi ni ile ile ya karani.) Alifika mapema kuliko sote, akatuamkia mmoja mmoja shikamoo, akapewa kiti kando ya mashine ya kopi. Majuma mawili kazi yake ikawa kutoa kopi, kuleta chai, na kupeleka barua mlango hata mlango. Juma la tatu mwenzangu mkubwa akaenda likizo, wa pili akaitwa semina Vwawa, nikabaki mimi na yule binti na lundo la majalada yaliyorudi kutoka kwa mkubwa wa afisi. Nikamwambia, "Dada, yapange haya," nami nikatoka.

Ndugu wa masjala mwajua kilichofuata. Mkubwa akimaliza dokezo lake huandika herufi mbili. Akiandika B.U. na tarehe, jalada hilo lataka kurudishwa mezani kwake siku hiyo. Akiandika P.A., shauri limekwisha, jalada liende rafuni. Herufi hizi kwetu ni kama alifu na bee. Kwake zilikuwa alama tu. Akayapanga yote rafuni, kwa utaratibu mzuri wa namba, hata rafu ikapendeza kutazama.

Miongoni mwa hayo lilikuwamo jalada la mwalimu mmoja mstaafu wa Ileje, aliyekuwa akidai fedha za kusafirishia mizigo yake. Tarehe yake ikapita. Mzee alikuja kwa basi mara ya kwanza, akaambiwa jalada liko kwa mkubwa. Akaja mara ya pili, akaambiwa arudi wiki ijayo. Mara ya tatu tulitafuta watu wanne, tangu saa sita hata saa tisa, likaonekana rafuni, limetulia. Mkubwa akauliza ni nani aliyeliweka huko. Macho yote yakamgeukia binti, akakaripiwa pale pale, mbele ya mzee na mbele ya watu waliokuwa wakingoja. Hakulia. Aliomba radhi. Mwalimu yule akauliza, bila ukali, ni nani aliyekuwa akimwelekeza. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka hapo, nikajifanya natafuta kalamu.

Jioni aliniletea lile daftari ambalo vyuo huwapa, la kuandika kazi za kila siku, nitie sahihi ya juma. Ndipo nilipolisoma kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeandikwa: nilipanga majalada, sikuelewa, niliogopa kuuliza. Kurasa za nyuma zilikuwa na maneno ya namna hiyo hiyo, na chini ya kila juma palikuwa na mwandiko wangu mimi: "Anaendelea vizuri." Nikamwuliza hali yake. Akasema usiku hapati usingizi, majalada humjia ndotoni. Kila asubuhi akishuka bajaji tumbo humkata. Aona kwamba kila mtu aijua kazi ila yeye, na kwamba huenda alikosea kuchagua chuo. Nilipomsikia nilimkumbuka yule kijana wa Mbozi.

Haya ndiyo mnayoyaita udhaifu wa moyo. Mimi nasema ni ugeni, na ugeni si ugonjwa. Mtu mwenye akili akiwekwa mahali asipojua lipi jambo kubwa na lipi dogo, ataogopa yote sawasawa, kwa kuwa hana kipimo. Atakayemlaumu kwa hofu hiyo na atazame sheria ya kazi yetu yenyewe. Serikali ikimwajiri mtu kwa masharti ya kudumu, mtu mzima mwenye cheti mkononi, humpa muda wa majaribio wa miezi 12 kabla ya kumthibitisha. Kila mmoja wetu aliupata muda huo. Lakini mwanafunzi wa majuma manane twataka juma la tatu awe ameiva. Hesabu hii nani aliifanya?

Tazameni malori hayo yanayotupita. Utingo huketi kando ya dereva, safari baada ya safari, hujifunza kuweka kigingi, kusikiliza breki, kufunga turubai. Hapana tajiri ampaye usukani kwenye Mlima Kitonga, na shaba mgongoni, kwa kuwa tu amekwisha kupanda lori. Sisi twafanya hivyo kwa majalada, kisha twajiita watu wa elimu.

Wasemao kwamba hatuna nafasi ya kufundisha, nawajibu kwa saa ya ukutani. Kumweleza binti yule herufi mbili kungenichukua dakika tano. Kutozieleza kulichukua safari tatu za mzee, na alasiri nzima ya watu wanne.

Lakini liko jambo jingine ambalo mkutanoni halikusemwa, na ndilo shina la mambo yote. Wako miongoni mwetu wanaoficha kazi. Ajua jalada fulani liko wapi, wala haandiki katika rejesta, ili kila mtu alazimike kumwendea yeye. Ajua namna ya kupitisha dai, hamwonyeshi mwenzake, ili akienda likizo afisi imwite kwa simu, naye afurahi. Mtu wa namna hiyo akimwona kijana wa chuo haoni msaidizi. Aona mwizi wa kiti chake. Humpa chai alete. Kisha husimama mkutanoni kusema vijana hawajui kazi. Namwuliza, wataijuaje nawe umeikalia?

Tena tuwe wakweli juu ya ujinga wetu. Mfumo wa e-Ofisi ulipoingia katika afisi za serikali, na majalada kuanza kupita katika kompyuta, ni wangapi wetu tulimwita mwanafunzi kwa sauti ya chini atuonyeshe pa kubonyeza? Mimi nilimwita. Alinionyesha mara tatu jambo moja, wala hakucheka, wala hakunikaripia mbele ya watu. Siku ile nami nilikuwa mwanagenzi, ila nilikuwa mwanagenzi mwenye mshahara.

Martin Kayamba alipoanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika pale Tanga mwaka 1922, karani mmoja mmoja alikuwa hana sauti, na ushirika ndio uliompa sauti. Sisi ni warithi wa jambo lile. Sioni ni kwa haki gani tutaudai ushirika kwa wakubwa wetu na kuwanyima walio chini yetu. Najua Serikali ilitoa miongozo ya taifa ya uanagenzi na mafunzo kazini mwaka 2017, na sina neno nayo. Lakini mwongozo hauwezi kusogeza kiti cha mtu karibu na meza. Hilo ni la mkono wako wewe.

Kwa wanagenzi wenyewe, ikiwa gazeti hili litawafikia, nina machache. Ulizeni katika juma la kwanza, kwa maana swali la juma la kwanza hapana alichekaye, na lile lile likiulizwa juma la sita hutia haya. Mwe na kidaftari chenu wenyewe, mbali na kile cha chuo, mwandike humo kila alama msiyoijua, na jioni mmwendee mtu mmoja. Mkipewa kazi tano kwa pamoja, ulizeni ipi yatakiwa leo. Mkikosea semeni saa ile ile, jalada lingali karibu. Wala msijipime na mtu aliyekaa mezani miaka kumi. Hata yeye ana rafu anayoiogopa.

Binti yule nilimhamisha kiti. Kila asubuhi, kabla ya watu kuja, tulitazama majalada matano pamoja kwa dakika kumi, nikimweleza dokezo lasema nini na lataka nini. Sisemi alitoka hodari. Hata juma la mwisho aliandika namba za folio juu ya muhuri mara mbili, na rejesta ya barua zinazotoka ilimshinda kidogo. Lakini juma la saba aligundua kwamba tulikuwa tumefungua majalada mawili kwa shauri moja, na la pili nililifungua mimi. Alinijia akasema, "Kaka, samahani, nadhani hapa pana kosa." Hakuogopa kuuliza.

Basi naleta shauri katika mkutano ujao: kwamba kila mwanachama ambaye afisi yake yapokea wanafunzi ahakikishe pana mtu mmoja aliyetajwa kwa jina wa kuwaelekeza, maana "afisi nzima" haimwelekezi mtu; kwamba asiwepo mwanachama atakayetia sahihi daftari la mwanafunzi pasipo kulisoma; na kwamba karipio, likilazimu, litolewe mlango ukiwa umefungwa. Najua nitapingwa. Anayetaka kunipinga na aandike katika gazeti hili hili, lakini aanze kwa kutuambia ni nani aliyemfundisha yeye maana ya B.U.

Mimi wenu,
Karani wa Mpemba