Bismillahi Kapiga Nani?

Juma lililopita, baada ya swala ya Alasiri, tulikuwa barazani kwa jirani hapa Mjimwema, Songea. Kijana mmoja akatuonesha katika simu yake mashine ikipita baina ya meza za mkahawa mmoja wa Nairobi, imebeba sahani za chakula. Vijana walishangilia. Bibi aliyekuwa akichambua maharage akauliza: “Na bismillahi kapiga nani?”

Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana hapakuwa na mwenye jibu.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu mashine zile. Roboti za Robot Cafe, mkahawa uliovuma mwaka 2024, hazipiki, hubeba tu. Mpishi ni mwanadamu, yuko jikoni. Lakini pale barazani wawili walikwisha kuapa kuwa wasingekila chakula hicho. Roboti zilizopika kweli zilikuwa Boston, Marekani. Mwaka 2018 vijana waliosoma chuo cha MIT walifungua mkahawa wa Spyce, ambamo masufuria 7 yalijizungusha yenyewe motoni, yakamimina chakula katika bakuli. Hata huko, mtu ndiye aliyetia viungo vya juu kabla ya mteja kupokea.

Wanaokikataa chakula cha namna hiyo husema hakina mkono. Twawaelewa. Wapishi wawili huchota maharage katika gunia moja, na vyungu vyao visifanane kwa ladha. Hata hivyo, unga wa ugali wetu husagwa na mashine, wala hatujamsikia aliyeususa kwa kukosa mkono. Mkoa wa Ruvuma, pamoja na wingi wa mahindi yake, ungekula nini leo kama tungali tukingojea kinu na mchi?

Swali la bibi lilikuwa zito kuliko ladha. Bismillahi ya mpishi ni adabu na baraka. Bismillahi ya mchinjaji ni jambo jingine kabisa. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Jeddah mwaka 1997, haikuizuia mashine kuchinja kuku, masharti ya sharia yakitimia. Miongoni mwa masharti hayo ni kwamba mwenye kuiendesha alitaje jina la Mwenyezi Mungu. Basi hata penye mashine, anayetazamwa ni mtu. Roboti ikimkaanga kuku aliyechinjwa kihalali, sisi hatuoni kuwa imemharamisha. Ikikaanga nyamafu, haitatambua tofauti, wala haitaona haya.

Lakini je, sisi tunaotambua, tunauliza? Ni lini tulimuuliza muuza chipsi wa jioni ni nani aliyemchinja kuku wake, na mafuta yale yalikaanga nini kabla? Twaogopa kuonekana wakorofi mbele ya mtu tunayemfahamu, kisha twaihoji mashine ya Nairobi ambayo haitatupikia kamwe. Mama lishe anayetupakulia wali na dagaa wa Ziwa Nyasa yupo palepale mbele yetu, na tukimuuliza atatujibu, pengine kwa ukali kidogo. Wengi wao husomesha watoto kwa sufuria hilo, nao wanajua kuwa mteja akipoteza imani harudi.

Bibi alipomaliza maharage yake alimgeukia mwenye simu. “Mjukuu wangu, yule kuku uliyetuletea jana, ulimuuliza mwenyewe kachinjwa na nani?”

Kijana akaizima simu, akaitia mfukoni.