Wati Hazivuki Mlima

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilometa zipatazo 33 tu, lakini katika mwendo huo mfupi gari hupanda kutoka nyanda zilizo kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi kwenye mji ulio karibu na mita 1,400. Njia imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni korongo, na kona ni nyingi kiasi kwamba magari yanayofuatana kwa umbali wa mita mia tatu huweza kupanda mpaka Soni bila ya madereva kuonana ila mara chache. Wakati wa masika udongo huporomoka na mawe huangukia njiani. Malori yaliyosheheni mbao na mboga hushuka kutwa nzima. Ndiyo njia waipandayo wanafunzi wa jiografia na biolojia waendao kutazama msitu wa Magamba au kusimama ukingoni mwa Irente, aghalabu kwa mabasi mawili au matatu yanayofuatana.

Msafara wa namna hiyo unahitaji simu za upepo, na haja hiyo yaweza kuonyeshwa kwa hesabu ya kidato cha kwanza. Ichukuliwe kwamba basi linapanda kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, na lori lililoishiwa breki linashuka kwa kilometa 40. Vyombo hivyo vinakaribiana kwa kilometa 60 kwa saa, yaani kilometa moja kila dakika. Gari la mbele likipishana na lori hilo, na basi lifuatalo likiwa nusu kilometa nyuma, dereva wa basi amebakiwa na sekunde 30 za kutafuta mahali pa kujibanza. Wako wasemao kwamba simu za kawaida za mkononi zimeondoa haja ya chombo kingine. Hao hawajajaribu kutafuta jina la mtu, kupiga, kungoja mlio, kujitambulisha na kueleza jambo katika sekunde 30, tena mahali ambapo mnara wa simu umefichwa na mlima. Hata wakifaulu, watakuwa wamempata dereva mmoja tu. Katika simu ya upepo kitufe kimoja hubonyezwa, na wote husikia kwa pamoja.

Ugumu huanza dukani. Mnunuzi hutazama mambo mawili: idadi ya wati na umbali ulioandikwa juu ya kasha. Akiona wati 25 badala ya 5 hudhani kwamba atasikika mara tano zaidi, na akiona maneno “kilometa 50” huamini kwamba Lushoto yote imo kiganjani mwake. Mambo yote mawili humpotosha. Mahali pasipo kizuizi, nguvu ya wimbi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Hivyo wati zikizidishwa mara tano, umbali huongezeka kwa kipeuo cha pili cha tano, yaani mara 2.2 hivi. Kwa magari mawili yaliyo juu ya ardhi tambarare hali ni mbaya zaidi, kwa sababu wimbi lirudishwalo na ardhi hupingana na lile lililokuja moja kwa moja, na upungufu hukaribia kipeo cha nne. Hapo kuzidisha wati mara tano huongeza umbali kwa nusu tu. Na hayo yote ni kabla ya kufika mlimani.

Irente ni mahali pazuri pa kufundishia jambo hili. Ukingo wake umeinuka kiasi cha mita 1,000 juu ya nyika ya Mazinde. Kutoka kimo hicho, upeo wa macho juu ya nchi tambarare uko mbali kupita kilometa 100, na upeo wa mawimbi ya redio, ambayo hewa huyapinda kidogo kuielekea ardhi, uko mbali zaidi. Mtu aliyesimama pale na simu ya upepo ya wati 5 aweza kuzungumza kwa utulivu na gari lililo kwenye barabara kuu huko chini, kilometa kumi au ishirini mbele yake. Mtu yuleyule, akiwa na chombo kilekile kwenye kona zilizo juu ya Soni, aweza asisikike na gari lililo kilometa mbili nyuma. Wati ni zilezile. Tofauti ni kwamba Irente antena mbili zinaonana, na Soni katikati yake kuna mwamba.

Wapenda historia hukumbusha kwamba mwaka 1895 Guglielmo Marconi alipeleka ishara ng’ambo ya kilima karibu na nyumba ya wazazi wake huko Italia, na kwamba risasi ndiyo iliyompa habari kuwa imepokelewa. Ni kweli, lakini kile kilikuwa kilima cha shamba, wala wimbi halikutoboa udongo wake. Wimbi hupita juu ya ukingo wa kizuizi na kupinda kidogo kuingia kivulini, kama maji ya bandari yanavyozunguka ncha ya gati. Jinsi wimbi lilivyo refu, ndivyo lipindavyo kwa wepesi. Hapa ndipo penye jambo la kuamua wakati wa kununua, nalo halimo katika wati. Limo katika masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde.

Simu za upepo za misafara huwa za aina tatu kwa jumla. Ziko za CB, zenye masafa ya megahezi 27 na wimbi la mita 11. Ziko za VHF, karibu na megahezi 150, zenye wimbi la mita 2. Ziko za UHF, karibu na megahezi 450, ambazo wimbi lake halifiki sentimeta 70. Ichukuliwe sasa kwamba magari mawili yametenganishwa na mgongo wa mlima uliopanda mita 30 juu ya mstari unaoyaunganisha, kila moja likiwa mita 500 kutoka kwenye mgongo huo. Kwa kanuni ya ukingo mkali itumiwayo na wahandisi, nguvu ifikayo upande wa pili, ikilinganishwa na ile ambayo ingefika kama mgongo usingalikuwapo, ni sehemu moja katika 18 kwa CB, moja katika 70 hivi kwa VHF, na moja katika 210 hivi kwa UHF. Mlima halisi hauna ukingo mkali kama wembe, na miti yenye majani mabichi ya mvua huongeza hasara, hasa kwa UHF. Lakini mpangilio haubadiliki. Mwenye UHF ya wati 5 atakayehamia VHF ya wati 5 atakuwa amepata, nyuma ya mgongo ule, faida ileile ambayo angeipata kwa kuongeza wati kufikia 15.

Mbona basi isichaguliwe CB, ambayo hupinda kuliko zote? Jibu lake ni antena. Antena iliyo rahisi na yenye kufanya kazi vizuri juu ya paa la gari ni ile yenye urefu wa robo ya wimbi. Kwa VHF robo hiyo ni sentimeta 50. Kwa CB ni mita 2.75, fimbo ambayo ikiwekwa juu ya basi itafagia kila tawi la mkaratusi baina ya Soni na Lushoto. Ikifupishwa kwa kuzungushiwa koili, sehemu kubwa ya nguvu hupotea kuwa joto. Tena CB nyingi hutumia mtindo wa AM, ambao hupokea cheche za injini za petroli pamoja na sauti ya msemaji, na katika miaka ambayo jua lina madoa mengi huleta hata mazungumzo ya watu wa nchi za mbali, yaliyorudishwa na tabaka la juu la hewa. VHF ya mtindo wa FM haina sifa ya kwanza katika jambo lolote moja, lakini ndiyo ifaayo Usambara.

Fedha ambayo ingelipia wati za ziada afadhali ilipie antena. Mara nyingi msafara huonekana na simu nzuri za kubebwa, kila dereva ameiweka ya kwake juu ya kiti. Bati la gari huzingira wimbi kama sufuria iliyofunikwa, na kile kitokacho madirishani ni mabaki tu. Chombo hichohicho kikiunganishwa na fimbo ya nusu mita iliyosimama katikati ya paa hubadilika kuwa kitu kingine, kwani paa lenyewe huwa kioo cha kurudishia wimbi, na antena huwa imeinuliwa juu ya boneti na vichwa vya abiria. Kuhusu mitambo ya kidijiti iliyoenea siku hizi, sauti yake ni safi. Lakini karibu na mwisho wa nguvu yake hukatika ghafula, ilhali FM ya kawaida huanza kukwaruza na hivyo humwonya dereva mapema kwamba anawapoteza wenzake. Mlimani mkwaruzo huo una thamani.

Hata chaguo bora halitavuka kila kona. Dawa yake ni mpangilio. Gari la katikati hupewa kazi ya kupokea maneno ya gari la mbele na kuyarudia kwa gari la nyuma. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuja kufanya jambo hilohilo kwa gharama kubwa: katika miaka ya 1980 timu za viwanda zilikuwa na ndege zilizozunguka angani ili kupokezana maneno ya magari na mafundi wao. Shule haihitaji ndege. Inahitaji mtu makini katika basi la pili, asiye dereva, kwa maana mkono wa dereva katika barabara ile una kazi yake.

Liko jambo la sheria, ambalo wauzaji hulipita kimya. Masafa ni mali ya taifa kama ardhi na maji, na matumizi yake hutolewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ziko simu ndogo za nusu wati, za megahezi 446, ambazo Ulaya huuzwa kwa yeyote bila leseni, na wageni hufika nazo. Ruhusa ile ni ya nchi zile, wala haivuki mpaka ndani ya begi. Simu iliyofunguliwa masafa ovyo yaweza kuangukia juu ya mazungumzo ya polisi au ya gari la wagonjwa. Shule kadhaa za wilaya moja zingeweza kuomba kwa pamoja na kumiliki seti moja ya simu nne zilizopangiwa masafa halali. Gharama ingegawanyika, na vyombo visingelala kabatini miezi kumi na moja.

Mpaka siku hiyo ifike, lipo jaribio lisilohitaji leseni, kwa kuwa ni la kusikiliza tu. Basi likianza kupanda kutoka Mombo, redio ya kawaida ifunguliwe kwenye stesheni moja ya FM, na wanafunzi waandike kwa kila kona kama sauti imekaa, imefifia au imepotea, kisha walinganishe orodha yao na ramani yenye mistari ya kimo. Stesheni za FM ziko baina ya megahezi 88 na 108, yaani wimbi lake ni la mita 3 hivi, jirani ya VHF ya misafara. Basi likisimama mahali ambapo sauti imezama, dereva aombwe kusogea mbele mita moja tu. Mara nyingi sauti itarudi, ingawa mlima umebaki palepale. Na mwalimu awaulize wanafunzi jabali lililo ubavuni mwa barabara limefanya nini.