Kanisa Lililoezuliwa na Wenyewe

Tukiona gofu, twazoea kusema limeliwa na miaka. Lakini kanisa la San Galgano, lililoko Toscana nchini Italia, lina kisa kingine.

Lilijengwa katika karne ya 13 na watawa wa Kikatoliki waitwao Wasistersi. Ni kubwa hasa: urefu wake wakaribia mita 70. Matao yamechongoka juu, na mapambo ni haba, kwani kanuni za watawa hao zilikataza anasa. Walisifika kwa uaminifu hata mji wa Siena ukawakabidhi hazina yake.

Baadaye njaa, vita na tauni ya 1348 viliwapunguza sana. Hata hivyo, jengo lilisimama. Ni katika karne ya 16 ambapo abati aliyewekwa ili ale mapato tu aliuza mabamba ya risasi yaliyofunika paa. Mvua ikapata njia. Mwaka 1786 mnara wa kengele uliporomoka, na 1789 ibada zikakomeshwa rasmi. Kikulacho ki nguoni mwako!

Je, kanisa hilo liezekwe upya? Mimi nasema la. Mafundi wa miaka ya 1920 walitenda la busara: waliimarisha kuta, paa wakaliacha lilivyo. Kulirudisha ni kuificha hatia ya abati yule. Acha wageni wainue macho, waone mbingu mahali pa dari, wajue ya kwamba amana huharibiwa kwanza na yule aliyekabidhiwa ufunguo.